Geuza herufi ziwe maumbo kabla ya kupeleka kazi kuchapishwa

Ukiwa mbunifu wa michoro unayechapishia kazi katika maduka ya Kisumu, geuza maandishi yote yawe maumbo kabla ya kupeleka faili: katika programu ya usanifu ya CorelDRAW teua maandishi kisha ubonyeze Ctrl na Q, na katika programu ya Illustrator ubonyeze Ctrl, Shift na O. Kompyuta ya mchapishaji isipokuwa na fonti (mtindo wa herufi) uliyotumia, huweka nyingine badala yake, na ndivyo bango langu la harusi lilivyotoka wiki iliyopita, jina la bibi harusi likiwa limekatika mistari miwili. Herufi zikishakuwa maumbo hazihitaji fonti tena. Kabla ya kugeuza, hifadhi nakala nyingine kwa jina tofauti, kwa kuwa maumbo hayahaririki kama maandishi, na wateja wetu hupenda kubadilisha nambari ya simu saa ya mwisho. Mbinu hii haisaidii maandishi yaliyo ndani ya picha, wala hairekebishi rangi. Herufi ndogo sana nazo huweza kuonekana nzito kidogo zikichapwa kwa printa ya kawaida, kwa hiyo kwa kijitabu chenye maelezo mengi afadhali utume PDF iliyobeba fonti zake.