Pima uwazi wa beringi za kranki (nafasi kati ya beringi na shingo) kabla ya kufunga injini
Futa mafuta yote kwenye shingo ya kranki (sehemu ya mviringo inayozunguka ndani ya beringi) na beringi, laza kipande cha uzi wa Plastigauge (uzi laini wa plastiki wa kupimia uwazi) kufuata urefu wa shingo, kaza kepu (kifuniko cha beringi) kwa torki, yaani nguvu ya kukaza, iliyo kwenye kitabu cha injini, kisha ifungue. Uzi ukitanuka sana, uwazi ni mdogo. Ukibaki mwembamba, ni mkubwa. Upana ulinganishe na kipimo kilichochapwa kwenye pakiti yake. Kranki ikizunguka hata kidogo uzi unaburuzika, rudia upya. Shingo iliyolika upande mmoja inaweza kukudanganya. Hiyo ipime kwa maikromita, pande kadhaa. Uwazi ukizidi, tafadhali usiguse kepu kwa tupa (wapo wanaofanya!): chonga kranki, uweke beringi za saizi inayofuata.