Kuigeuza Baiskeli Kuukuu ya Milimani Iwe ya Kwendea Kazini

Kabla ya kununua chochote, kagua maungio ya fremu, kwani hewa ya chumvi ya Unguja hula chuma chini ya rangi, na fremu iliyopasuka haistahiki gharama. Badiliko lenye faida kubwa ni tairi: zile pana zenye meno marefu huifanya baiskeli iwe nzito kwenye lami, kwa hiyo weka za inchi 26 (kipenyo) kwa 1.75 (upana) zenye uso laini, ambazo bado zitastahamili mchanga wa vichochoro vya eneo la Ng'ambo, mjini Zanzibar. Funga madigadi, taa, na keria ya kubebea vitu vya sokoni Darajani. Mnyororo usafishwe kwa mafuta ya taa, ukaushwe, kisha kila kiungo kitiwe tone moja la mafuta mepesi na ziada ifutwe, maana mafuta yaliyozidi hunasa mchanga.