Ukija kuangalia treni za Noeli kwangu, uje hivi

Treni zangu ni ndogo, za kuchezea: moja ya makopo uani, nyingine ya umeme mezani. Kiingilio ni kopo moja tupu. La sadini ndilo zuri kupita yote, la nyanya nalo linafaa, la maziwa ya unga liache kwako; hayo nimeyajaza mpaka chini ya kitanda. Lioshe kwa sabuni. Mwaka juzi mtu aliniletea kopo ambalo bado lina mafuta ya samaki ndani, na usiku ule paka wote wa avenyu yetu walipanda treni.

Ninaandika kwa sababu watu wengi wanakuja vibaya. Wanakuja tarehe 25 saa nane mchana, mtoto kavalishwa nguo nyeupe mpya, wanasukumana mlangoni, wanapiga picha tatu kwa simu, kisha wanaenda zao kwa shangazi kula kuku. Ukimuuliza mtoto kesho yake treni ilikuwa na mabehewa mangapi, anakutazama tu. Mimi ninaanza kuipanga kazi hii mwezi wa tisa. Inaniuma.

Kwa wasionijua: nilitengeneza breki za mabehewa miaka 31 katika karakana ya reli hapa Lubumbashi, na kabla yangu baba alikuwa akilisha moto kwenye vichwa vya mvuke, enzi za BCK, kampuni ya reli ya wakati wa Wabelgiji. Naishi Kenya. Msomaji wa Dar au Mombasa asitafute tiketi ya Nairobi: Kenya ni komini ya mji wetu, jirani na Kamalondo na Katuba. Ukishuka kwenye bisi uliza kwa mzee wa treni, mtoto yeyote atakuleta. Usimpe pesa. Ukimpa leo, kesho watakuwa kumi wanakuvuta mikono, kila mmoja kwa njia yake.

Ninafungua lango kuanzia tarehe 20 Desemba mpaka tarehe 6 Januari, sikukuu ya Mamajusi. Siku nzuri ni zile za katikati, 27, 28, 29, watu wakiwa wameshiba na wametulia. Na saa nzuri ni moja tu: fika saa 12 jioni kamili. Jua letu la Desemba linazama karibu saa 12 na nusu, kwa hiyo utapata nusu saa ya kuona vitu kwa mwanga wa kawaida, halafu giza litaingia taratibu na taa ndogo zitaanza kuonekana moja moja: kwanza ya stesheni, halafu ya mama anayeuza makaa, halafu dirisha la nyumba ya mkubwa wa stesheni. Ukifika saa moja usiku umekosa jambo lenyewe. Wazo hili nililiiba. Mpwa wangu anayekaa Liège, Ubelgiji, alikwenda Hamburg, Ujerumani, kuangalia Miniatur Wunderland, onyesho kubwa kuliko yote ya treni ndogo duniani. Lilifunguliwa mwaka 2001 na lina treni zaidi ya elfu moja. Aliponipigia simu hakunisimulia treni hata kidogo. Alinisimulia kwamba kila baada ya dakika chache taa za ukumbi zinafifia, usiku unaingia kwenye miji yote ile midogo, watu wazima wananyamaza, kisha kunakucha tena. Mimi sina mitambo ya kufanya hivyo. Nina jua la Lubumbashi, linazama mara moja tu kwa siku, basi uwahi.

Kuhusu mvua usiwe na wasiwasi sana. Desemba ndiyo mwezi wake, inapiga mchana na mara nyingi jioni inapumzika. Meza iko barazani chini ya bati. Kinacholowa ni treni ya makopo iliyo nje, na hiyo watoto wanaipenda zaidi ikiwa na matope, kwa sababu Lualaba yangu, ambayo siku kavu ni karatasi ya buluu, siku ya mvua inakuwa mto kweli. Mvalishe mtoto kandambili.

Sasa namna ya kuangalia.

Anzia langoni, usikimbilie meza. Pale mguuni pako ni Sakania, mpakani na Zambia. Reli imetengenezwa kwa fero (nondo) za ujenzi, mataruma ni vipande vya mbao za masanduku, na mabehewa ni makopo mliyoleta ninyi. Inapita kando ya ukuta, inazunguka mwembe, inaishia jikoni kwa mke wangu, na pale ni Bukama. Kila stesheni ina kibao cha mwaka reli ilipofika: Sakania 1909, Lubumbashi 1910 wakati mji ukiitwa Élisabethville, Kambove 1913, Bukama 1918. Mwambie mtoto asome vibao kwa sauti huku akitembea. Kutoka langoni mpaka jikoni atakuwa ametembea miaka tisa, na kwa kweli ile reli nayo ilitembea hivyo, polepole, ikifuata shaba.

Mtoto mkubwa kidogo atauliza kwa nini inaanzia Sakania na si Kinshasa. Watu wazima pia wanauliza, ila wao wanazunguka kwanza. Jibu ni kwamba treni ya kwanza ilitujia kutoka kusini, kupitia nchi ambayo siku hizi ni Zambia. Kuelekea Kinshasa reli ilifika Ilebo mwaka 1928, na mpaka leo pale mzigo unashuka kwenye behewa na kupanda chombo cha majini. Ilebo sikuiweka. Ingeangukia kwa jirani, na tumeshagombana naye mara moja kwa ajili ya mwembe.

Treni hii ya nje watoto wanaruhusiwa kuisukuma. Tena wasukume! Kazi ya mzazi ni kuhakikisha wanasukuma upande mmoja.

Ya mezani haiguswi. Hapo barazani kuna meza ya mita 4 kwa mita 2 na nusu, na juu yake kuna treni ya umeme ya Märklin, kampuni ya Kijerumani, ya zamani, ambayo huyo mpwa aliinunua kwenye soko la vitu vilivyotumika. Reli zake zimekaa juu ya bati, na katikati kuna safu ya vitone vidogo vya chuma. Umeme unapanda kupitia vile vitone. Mtoto aliyetoka kula kalanga akiweka kidole pale, mafuta yanabaki, vumbi linanasa, na treni inaanza kukwama kama mzee anayepanda ngazi. Nitatumia saa nzima kusugua kwa kitambaa na spiriti ili kujua kidole kilipita wapi. Mikono nyuma ya mgongo, kama darasani. Mke wangu anauza munkoyo, kinywaji cha mahindi, na kalanga pale langoni, na mimi na yeye hatujaelewana bado juu ya hili. Wewe nunua, lakini ule ukitoka.

Ukifika mezani, chuchumaa. Hili ndilo kosa kubwa la watu wazima: wanasimama wima na kutazama chini, wanaona meza yenye vitu. Shuka mpaka jicho lako liwe sawa na reli, na goti likiuma kuna vigoda. Vitu vya mezani vimepunguzwa mara 87, yaani mtu wa mita 1.74 anakuwa sentimita 2. Ukiweka jicho pale chini, yule wa sentimita 2 aliyelala chini ya mti na kofia usoni unamwona kama jirani yako.

Halafu chagua mahali pamoja ukae. Daraja ni pazuri, au pale reli inapotoka nyuma ya kilima cha takataka za madini, ambacho kila Mlushwa, mtu wa Lubumbashi, atakitambua pamoja na bomba lake refu la moshi. Usizunguke meza ukiifuata treni. Watoto wote wanataka kuifuata, na wakiifuata wanaona mgongo wake tu. Wakae, wasikie kwanza. Bati la reli linaimba kabla treni haijatokea, sauti nyembamba, kisha inazidi. Baba yangu alikuwa akituweka hivyo hivyo kando ya njia ya Likasi, kimya, sikio likisikiliza, na anayesikia wa kwanza anapewa kipande cha muwa. Kwangu anayesikia wa kwanza anapewa bendera ya kijani ya kuishika mzunguko mmoja.

Mtoto atachoka mzunguko wa tatu. Hapo umpe kazi: atafute vitu. Kuna mbuzi juu ya paa. Kuna mwanamke aliyesahau mtoto wake kwenye benchi la stesheni na anarudi mbio. Kuna fundi wa breki mwenye kipara chini ya behewa, na huyo sitasema ni nani. Kuna pango la Noeli, ambalo kwangu si zizi bali ni behewa la mizigo lililotolewa kwenye reli, mlango wake wazi, na ndani mna taa. Mamajusi watatu wamo kwenye treni ya nje. Tarehe 20 wako Sakania, kila jioni ninawasogeza kidogo, na tarehe 6 ndipo wanafika. Ndiyo maana wanaojua wanakuja mara mbili.

Swali ambalo lazima utaulizwa: Yesu alipanda treni? Nilishaulizwa mbele ya katekista. Jibu hapana, na usizunguke. Kama mtoto atataka kujua basi treni imeingiaje Noeli, mwambie hivi. Wajerumani wa Märklin mwaka 1891 walipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig treni ya kuchezea ambayo reli zake zinaunganishwa kipande kwa kipande. Ukipata kipande kingine mwaka unaofuata, njia inarefuka. Hapo mzazi alishanaswa, kila Noeli lazima anunue kipande. Marekani nako, mwanzoni mwa miaka ya 1900, Joshua Lionel Cowen wa New York alitengeneza kibehewa cha umeme kizunguke kwenye dirisha la duka ili watu wasimame waangalie bidhaa. Watu walisimama, wakaacha bidhaa, wakataka kununua kibehewa.

Mjuzi mmoja atatokea, kila mwaka yupo, na atasema treni ya mezani si ya Katanga, eneo letu hili. Ana haki. Reli zetu zina upana wa milimita 1,067, za Ulaya nyingi ni 1,435; gawanya hiyo ya pili kwa 87 upate 16.5, ndio upana wa hizi. Za kwetu zingekuwa 12 na kitu. Kwa hiyo ni Mjerumani anayetembea Katanga. Na atasema tena kwamba kutoka stesheni yangu mpaka daraja ni karibu mno. Kilomita moja ya kweli ingetaka mita kumi na moja na nusu za meza. Meza yangu yote ni mita 348 za dunia, treni moja ndefu ya madini inaijaza. Mkubalie tu, mpe kigoda, achuchumae.

Umeme utakatika. Sisemi huenda. Ukikatika usiondoke, na usiwashe tochi ya simu, tafadhali sana. Ngoja kama dakika mbili. Mwaka mmoja umeme ulirudi kwa nguvu na ukaunguza transfoma yangu mbele ya watu arobaini. Harufu ile ninayo puani hadi leo. Tangu hapo nina betri ya gari chini ya meza. Mota ya hii Märklin ya zamani inakubali hata umeme wa betri, ila kwa betri inakwenda mbele tu. Kurudi nyuma mpaka niguse kidude chake kwa mkono. Wakati huo mjukuu wangu anawasha mishumaa ndani ya makopo yaliyotobolewa misumari, na treni inapita katikati ya vile vitone vya mwanga, lupango nzima (uwanja wetu) giza, kartie nzima (mtaa wote) giza. Kuna waliokuja siku yenye umeme wakaniuliza kama siwezi kuuzima.

Treni ikianguka usipige kelele wala usiikamate. Inua mkono, mimi naona. Mtu wa breki haogopi behewa lililolala ubavu.

Saa mbili kasoro robo ninafunga, kwa sababu bisi zinapungua na watoto wanaanza kusinzia kwenye migongo. Kabla hujatoka, toa kopo lako. Mtoto mwenyewe alitie kwenye sanduku, nami nitaandika namba yake kwa rangi nyeupe mbele yake. Mwakani aje alitafute kwenye treni ya nje. Mwaka jana tuliishia 212. Na kifuniko usikitupe, kilete pia, maana behewa bila mlango Mamajusi wanalowa.