Kutambua Sehemu za Injini ya BSA ya Zamani na Kuzuia Uvujaji wa Oili

Mtu anayerithi au kununua BSA, pikipiki ya Kiingereza, ya miaka ya 1940 au 1950 hapa Uganda huambiwa mapema kwamba pikipiki za Kiingereza zote huvuja oili na kwamba azoee tu. Kauli hiyo imewafanya mafundi wengi wapake silikoni kila mahali penye unyevu bila kuuliza oili inatoka wapi, na pikipiki ikirudi baada ya wiki moja, wanaongeza silikoni nyingine. Katika injini hizi kazi kubwa ni kujua oili iliyovuja ni ya chombo gani na inasukumwa na nini. Gasketi, yaani karatasi inayoziba ungio kati ya vyuma viwili, huja baadaye.

Anza na namba ya injini, ambayo imegongwa upande wa kushoto, chini kidogo ya silinda. Herufi na tarakimu za mwanzo hutaja aina: ZB31 au BB31 ni injini ya B31, na M20 ni ile iliyotumiwa sana na jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili. Usitegemee macho peke yake, kwa sababu B31 na B33 zinafanana sana kwa nje. Pistoni ya B31 hutembea milimita 88 ndani ya silinda yenye kipenyo cha milimita 71, nayo B33 ina mwendo uleule wa 88 lakini kipenyo chake ni milimita 85. Anayeagiza pistoni na ringi kwa kutaja tu “BSA ya zamani” hupoteza fedha. M20 yenyewe haina shida ya kutambulika: valvu zake zimesimama kando ya silinda, kwa hiyo haina roka (vyuma vinavyobonyeza valvu) juu ya kichwa cha silinda, na sehemu ya juu ya injini hiyo ina njia chache za kuvujisha oili.

Sasa simama nyuma ya pikipiki uitazame kama mtu aliyekaa kwenye tandiko. Upande wa kulia kuna mfuniko wa taimingi, ambao unaficha gia za kamu, na karibu nao bomba lenye fimbo zinazosukuma valvu, ikiwa injini ni B31 au B33. Tangi la oili pia liko upande huo, chini ya tandiko. Katikati, chini ya silinda, kuna krenkesi, yaani kasha la alumini ambamo krenkshafti huzunguka. Nyuma ya silinda imekaa magneto, inayozalisha umeme wa cheche za plagi. Upande wa kushoto kuna kasha la bati lenye cheni ya klachi, linalounganisha injini na giaboksi, ambayo ni chombo kinachojitegemea. Kwa hiyo kuna oili za aina tatu katika sehemu tatu: ya injini, ya kasha la cheni na ya giaboksi. Oili ya injini huwa nyeusi na nyepesi ikiwa moto, ilhali ya kasha la cheni hubaki safi zaidi ila hubeba vumbi la klachi. Tone moja kwenye karatasi nyeupe mara nyingi hutosha kukuonyesha unashughulika na ipi.

Kabla ya kufungua nati yoyote, osha injini kwa mafuta ya taa na brashi, kisha uikaushe kabisa. Tafadhali usiipeleke kwenye sehemu za kuoshea magari zenye mashine za maji ya nguvu, kwa kuwa maji yakiingia kwenye magneto utakuwa na tatizo la pili. Mafuta machafu yasimwagwe mtaroni. Mtaro wa Nakivubo wa Kampala huishia katika Ziwa Victoria, kwenye ghuba ileile ambamo sehemu ya maji ya jiji huvutwa huko Ggaba. Injini ikishakauka, ipulizie poda ya watoto sehemu zote za maungio, iwashe, na uiendeshe mwendo mfupi kwenye barabara ya lami, kwa sababu vumbi la muramu litafunika ushahidi wote. Ukirudi, tafuta alama ya juu na ya mbele kabisa. Upepo husukuma oili nyuma na uzito huivuta chini, hivyo mahali inapodondokea si mahali inapotokea.

Ikiwa pikipiki ilikaa wiki kadhaa bila kuwashwa na sasa inamwaga oili kwa wingi huku ikitoa moshi wa buluu, huenda gasketi hazina kosa lolote. Oili ya tangi hushuka polepole kupitia pampu hadi krenkesi ijae, na krenkshafti ikizunguka huipiga na kuisukuma nje popote penye upenyo. Chini ya krenkesi kuna sahani ndogo iliyofungwa kwa nati nne. Ifungue, kinga oili kwenye beseni, safisha chujio, kisha uifunge kwa gasketi mpya. Katika njia ya oili inayotoka tangini kwenda kwenye injini kuna gololi ndogo yenye springi iliyowekwa ili kuzuia oili isishuke pikipiki ikisimama. Uchafu ukikaa chini yake haifungi. Isafishe pamoja na mahali inapokalia, na springi iliyolegea ibadilishwe. Baada ya kuwasha, fungua kifuniko cha tangi utazame bomba la kurudishia: oili inapaswa kutoka mfululizo mwanzoni, kisha ichanganyike na mapovu. Isiporudi, zima injini mara moja.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni pumzi. Pistoni inaposhuka hubana hewa iliyo ndani ya krenkesi, na hewa hiyo lazima itoke kwenye bomba lake. Likizibwa na tope au nyigu, hewa itapita kwenye gasketi na kubeba oili. Ringi zilizochakaa huongeza msukumo huo, na hapo gasketi mpya hazitasaidia kwa muda mrefu.

Ukishathibitisha kwamba ungio lenyewe ndilo linalovuja, chukua spana zinazofaa. Nati nyingi za BSA hizi hufuata vipimo vya Whitworth, vipimo vya zamani vya Kiingereza ambavyo hutaja unene wa bolti, si upana wa spana. Spana ya robo inchi ya Whitworth ina upana wa karibu milimita 13.3, kwa hiyo ya 13 haiingii na ya 14 inacheza na kula kona za nati. Kwenye uzi wa alumini usilazimishe bolti ya milimita. Uzi ukiharibika, mafundi wa kukereza chuma wa Katwe, Kampala, wanaweza kutengeneza bushi mpya yenye uzi, lakini hiyo ni gharama isiyo ya lazima.

Futa gasketi ya zamani kwa kipande cha mbao ngumu au plastiki, kwani bisibisi huacha mikwaruzo ambayo ndiyo njia mpya ya oili. Weka msasa laini juu ya kioo kinene na usugue mfuniko taratibu kwa mwendo wa duara. Sehemu zisizong'aa ndizo zilizoinama. Karatasi ya gasketi hupatikana katika soko la vipuri la Kisekka, Kampala, nawe unaweza kuikata mwenyewe kwa kufuata alama ya mfuniko uliopakwa grisi kidogo. Hakikisha matundu ya kupitishia oili yako wazi. Silikoni, ukiitumia, iwe utando mwembamba, kwa sababu inayobanwa kuingia ndani hukatika na kuziba chujio au njia ya oili kwenda kwenye beringi ya konrodi. Kaza bolti kwa kuruka upande hadi upande, kidogo kidogo.

Kasha la bati la cheni ya klachi ni mzigo wa aina yake: lina skrubu nyingi na kingo zinazopinda kirahisi. Zinyooshe juu ya chuma bapa kwa nyundo ndogo, na utumie gasketi ya koki. Ukiona oili katika kasha hilo inaongezeka bila wewe kuiongeza, injini inaisukuma kupitia beringi ya kushoto, na utalazimika kurudi kwenye habari ya pumzi na krenkesi iliyojaa.

Juu na chini ya bomba la fimbo za valvu kuna sili, ambazo hukakamaa kwa joto. Zibadilishe zote mbili, ya juu na ya chini, wakati ule ule. Jaza giaboksi hadi alama tu, kwa sababu inayozidi hutoka kwenye sproketi na kuchafua cheni ya nyuma. Baada ya safari ya kwanza ndefu, acha injini ipoe kabisa, kisha ukague tena ukazaji wa kila mfuniko uliofungua.