SOMO: Mgonjwa akianza vurugu wodini, atulizwe vipi bila mtu kuumia

Wakuu, kila wakija wauguzi wapya naulizwa swali lile lile: "Tunamshikaje?" Nimechoka kulijibu moja moja, naliandika hapa mara moja, ukiulizwa na wewe mtumie mwenzako. Niko wodi ya wanaume, afya ya akili, mwaka wa 14 sasa, na ndiye ninayewafundisha wauguzi wageni, wahudumu na walinzi. Ugomvi mwingi niliouona tuliuanzisha sisi wenyewe, ndiyo maana kushika kumekaa hatua ya 6.

1. Jikague kabla ya kuingia. Kamba ya kitambulisho shingoni, hereni ndefu, mkasi mfukoni: vyote viache ofisini. Vaa viatu vya kufunga.

2. Sikiliza ripoti ya zamu iliyotoka. Nani hakulala, nani alikataa dawa, nani aliahidiwa wageni hawakutokea.

3. Tazama dalili za vurugu. Wanorwei wa kituo cha Brøset, mjini Trondheim, wana orodha ya mambo sita: kuchanganyikiwa, kukereka upesi, makelele, kutishia kwa maneno, kutishia kwa mwili, kushambulia vitu. Kila moja ni alama moja. Kama mtu siku zote ana makelele, usimhesabie mpaka yazidi kawaida yake. Zikifika alama 3 usisubiri ya nne, waite wenzako na uanze hatua ya 4. Mimi nina ya saba yangu: ndala. Mwanaume anayetembea kando ya ukuta huku na huku, kisha akasimama akavua ndala na kuziweka pembeni vizuri, huyo ameshaamua. Una kama dakika moja.

4. Ondoa kinachomkera. Uji umechelewa, mtu kalala kitandani kwake, kanyimwa simu bila kuelezwa sababu. Mengi huishia hapa hapa ukiwa na sikio. Na pima sukari! Mtu anayetetemeka, anatoka jasho na kutukana anaweza kuwa ameshukiwa na sukari, ana malaria kali, kaumia kichwa, au ni mnywaji aliyekatishwa pombe siku ya pili au ya tatu. Huyo maneno matamu hayamsaidii, anahitaji daktari sasa hivi.

5. Aongee mtu MMOJA. Wengine wanyamaze, wawasogeze wagonjwa wengine. Simama mbali kiasi cha mikono miwili, mwili upande kidogo, viganja vionekane. Usimzibie mlango, na yeye asikuzibie wewe. Muite jina analolipenda. Kuna mzee wodini kwetu ukimwita kwa jina la faili anakutukana, ukimwita Fundi anakaa. Sentensi fupi, kisha nyamaza umsikie. Mpe la kuchagua: "Tuzungumzie hapa au nje kwenye benchi?" Usimwahidi usichoweza kutimiza, kesho atakudai. Na neno "tulia" halijawahi kumtuliza mtu.

6. Kushika. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa pili kazini kijana mmoja alirusha sahani. Tulikuwa watano na wote tunapiga kelele. Tukamwangusha kifudifudi, mwenzetu mmoja mzito akamkalia mgongoni, mimi nikamshika kichwa. Kijana akasema, "Sipumui." Nikamjibu, nakumbuka neno kwa neno, "Anayeongea anapumua." Baada ya muda akaacha kupigana, tukapongezana kwamba ametulia. Mhudumu wa usafi, mama mmoja aliyekuwa na ndoo yake mlangoni, ndiye aliyesema, "Mbona midomo imekuwa ya bluu?" Tukamgeuza. Alipona. Asingekuwepo yule mama leo nisingekuwa naandika somo, ningekuwa mahakamani.

Mtu anaweza kusema "sipumui" kwa hewa ya mwisho aliyobaki nayo. Na aliyeacha ghafla kupigana huenda hakutulia, amezimika. Uingereza mwaka 1998, mgonjwa wa akili David Bennett, maarufu Rocky, alifia Norwich akiwa ameshikiliwa kifudifudi na wauguzi. Tume iliyochunguza ikapendekeza mtu asilazwe hivyo zaidi ya dakika tatu. Mimi nafundisha sifuri. Kwa hiyo:

- USIMLAZE kifudifudi. Akianguka hivyo, mgeuze mara moja.
- Usikae wala kuweka goti mgongoni, kifuani, tumboni au shingoni. Usimkunje kichwa kwenye magoti.
- Mmoja kazi yake ni kichwa tu: anatazama uso na midomo, anahesabu pumzi, anaongea naye. Huyo akisema "acheni", wote mnaachia, hata kama ndiye mdogo kuliko wote kazini.
- Shikeni mikono na miguu karibu na viungo, si kwenye viungo vyenyewe, na bila kupinda. Maumivu si dawa.
- Angalia saa mnapoanza. Ukishindwa kusema mmeshika dakika ngapi, mmeshika nyingi mno.

Namna ninavyofundisha: kila mwanafunzi hulazwa yeye kwanza, chali, dakika moja kwa kutazama saa, wenzake wamemshika. Wakiinuka hawaulizi tena kwa nini mgonjwa anapigana. Kisha tunaigiza dakika 20 kila wiki baada ya kukabidhiana zamu, na anayeigiza mgonjwa ni mimi.

7. Dawa ni kwa maandishi ya daktari. Mpe nafasi ya kumeza kabla ya sindano. Ukishachoma, usimwache: pumzi, mapigo, presha, na kama anaamka ukimwita. Akipewa haloperidoli (dawa ya kutuliza akili) na shingo ikakaza au macho yakapanda juu, ni dawa, si maigizo. Mwambie daktari haraka.

8. Akitulia, kaa naye. Muulize yeye aliionaje. Kisha andika kitabuni saa, sababu, nani alishika nini.

MASWALI

Kidume_Zamu: Mkuu ndefu sana. Fupisha, tunamshikaje?

Mwandishi: Hatua ya 6. Ukifuata kuanzia 1 huenda usiihitaji.

Daktari_Mtarajiwa: Dozi ya haloperidoli na promethazini ni ngapi? Weka hapa.

Mwandishi: Siweki. Mtu ataisoma akamchome ndugu yake nyumbani. Muulize msimamizi wako.

Dada_wa_Mgonjwa: Maneno mazuri, lakini kaka yangu alirudi na alama za kamba mikononi. Nyie ndio mnaopiga watu.

Mwandishi: Dada, mimi sijampiga mtu, na tukiwa wawili usiku kwa wagonjwa 40 sijui ungetaka tufanye nini.

Mwandishi: Narudi. Jibu langu la juu ni la hovyo, uchache wetu haumponyi mkono kaka yako. Omba kuonana na muuguzi mfawidhi, uliza alifungwa saa ngapi, kwa amri ya nani, alikaguliwa kila baada ya muda gani. Lazima viwe vimeandikwa. Pole sana.

Mlinzi_Geti2: Mimi ni mlinzi, nikiitwa wodini nafika na rungu na sare. Nikifika ndio mgonjwa anazidi. Nikae wapi?

Mwandishi: Swali bora la leo. Rungu liache getini. Simama anapoweza kukuona ila si mbele yake, mikono chini, kofia vua. Usiongee mpaka anayeongea akuombe. Na wakati wa utulivu pita uwasalimie wagonjwa, wakujue jina. Mlinzi wetu mmoja anacheza bao nao. Akifika kwenye vurugu wanamuita "mjomba".

Binti_Mdogo: Mama ana miaka 78, amepoteza kumbukumbu. Jioni nikimwogesha ananipiga, ananiita mwizi. Haya yanahusu?

Mwandishi: Yanahusu kabisa, mdogo wangu. Hamisha kuoga kuwe asubuhi, jioni akili zao huchoka. Usimvue zote, mwache na khanga, maji yapite juu yake. Anza miguuni, kichwa mwisho, umwambie kila unachotaka kugusa. Usibishane kuhusu wizi, mwambie "tutakitafuta wote". Na kama yameanza ghafla wiki hii, mpeleke apimwe mkojo, aulizwe maumivu na choo. Wazee maambukizi ya mkojo huwachanganya akili.

Mama_Kaswida: Wangu nilikuwa namwimbia kaswida za madrasa wakati wa kumwogesha. Jina langu alishasahau, kaswida hakukosea hata mstari.

Sista_Wodi_ya_Wanawake: Mkuu, ndala ni kwa wanaume. Kwetu tazama kitenge. Akikifungua akakifunga upya kiunoni kwa kukaza, kimbia kamwite mwenzako.

Mwandishi: Kibwebwe! Hiyo naiingiza hatua ya 3 leo hii.