Boksi la gemu la mapango limekaa kabatini? Namna ya kulianzisha na washkaji hapa Tanga

Wadau wa Tanga, najua mpo mlioagiza yale maboksi makubwa ya gemu za mezani, za mashujaa kuingia mapangoni kupigana na mazimwi, boksi likafika mkaposti picha, basi, liko juu ya kabati mpaka leo. Shida siyo sheria wala nini. Shida ni maandalizi: watu wanafika saa mbili usiku wewe ndo kwanza unabandua tokeni (vile vipande vidogo vya kadibodi), saa tatu na nusu bado unatafuta zimwi la kwanza, wenzio washatoa karata wanacheza zao last card.

Kama bado hujanunua, usianze na Gloomhaven yenyewe, moja ya hizo gemu za mapango. Naipenda mno, ila ile ya 2017 ina kama kilo 10, misheni 95, wahusika 17, we unaanzia wapi? Chukua mdogo wake, Jaws of the Lion ya 2020. Wahusika 4, misheni 25, na ramani zimechapwa humohumo kwenye kitabu, unafungua ukurasa unaweka mezani mnacheza, hakuna kuungaunga vipande vya sakafu. Misheni 5 za mwanzo zinakufundisha mdogo mdogo. Ukitaka ya kurusha dadu na watoto, HeroQuest (ya 1989, ikarudi sokoni 2021) ni nyepesi zaidi.

Sasa kazi yenyewe. Siku moja kabla, zima feni, najua joto la Ngamiani lilivyo ila zima tu, mwaga kila kitu kwenye mkeka. Kila aina ya zimwi ipate kifuko chake cha zipu: vile vikatuni vyake vya kusimamisha, kadi yake ya nguvu na kadi zake za vitendo, vyote pamoja, kwa sababu katikati ya mchezo utavihitaji kwa mpigo mmoja. Watu wengi wanapanga kadi huku na vikatuni kule kisa inapendeza kwenye picha, ni upuuzi. Tokeni za damu na hela tia kwenye visahani vidogo. Halafu toa vya misheni ya kwanza tu, vilivyobaki rudisha boksini, wageni wasivione kabisa maana watatishika bure.

Unyevu wa bahari ndo adui wa kadi hapa kwetu, hasa mnaokaa Raskazone, zinajikunja zote. Zivishe vifuko vya plastiki vya kadi, vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya usivitupe, vitie boksini, na boksi lisikae sakafuni. Maandazi na katlesi ziliwe kwanza, watu wanawe, ndipo waje mezani. Hapo usimwonee mtu haya.

Wakishakaa usiwasomee kitabu. Kama ni Gloomhaven au Jaws of the Lion, waambie hivi: kila raundi unachagua kadi mbili, moja utatumia sehemu ya juu nyingine ya chini, mara nyingi juu ni kupiga chini ni kutembea. Namba ya kadi yako moja inaamua nani aanze, ndogo inatangulia. Mazimwi yanajiendesha kwa kadi zao, hamna haja ya mtu wa kuyashika. Anza, mengine yatakuja yenyewe.

Kitu kimoja tu kisisitize mapema. Kadi zinaisha. Ukipumzika unaokota ulizotumia ila moja inapotea mpaka misheni iishe, na zikikuishia umechoka, uko nje hata kama damu imejaa. Wacheza karata wa kwetu wanapenda kutupa kadi kubwa mapema kwa mbwembwe, na nyingi ya hizo ukishaitumia imepotea hapohapo, ndo maana wanakwama chumba cha mwisho. Waambie wazibane.

Na jiandae kwa muda. Tanga waja leo waondoka leo, ila kwenye hili boksi aliyekuja leo ataondoka kesho, kwa hiyo anzeni mapema hasa kama kesho yake kuna kazi.

Mkimaliza, kabla mtu hajavaa viatu, kila mmoja arudishe kadi zake kwenye kifuko chake na aandike pointi na hela zake kwenye karatasi. Wiki ijayo hakuna anayekumbuka, na atakayekuja kudai alibaki na hela 40 mwambie aonyeshe maandishi.