Somo: Great Vibes kwenye kadi ya harusi, jina lisomeke

Wadau, habari za leo. Kadi za michango zinazopita WhatsApp zinaniuma: fonti nzuri, lakini jina la bibi harusi halisomeki. Leo tushike fonti moja, Great Vibes, iliyochorwa na Robert Leuschke. Iko bure Google Fonts, maktaba ya fonti ya Google mtandaoni, na leseni yake inaruhusu hata kazi ya kulipwa.

Iangalie kwanza. Mistari inayoshuka ni minene, inayopanda ni myembamba kama uzi, kama ya kalamu ya kuchovya wino. Herufi ndogo zimeshikana, kubwa zina vitanzi vinavyotoka nje. Hatua zote zinatokana na hayo.

Hatua ya 1. Pakua, sakinisha, kisha funga na ufungue upya programu yako ya kutengenezea kadi.

Hatua ya 2. Fonti hii iandike majina ya maharusi tu: Neema na Baraka. Tarehe, ukumbi na namba ya mchango viwekwe kwa fonti ya kawaida. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mchangiaji akikisia tarakimu moja ya simu, hela inaenda kwa mtu mwingine.

Hatua ya 3. Herufi kubwa ni ya kwanza tu. Ukiandika NEEMA, herufi tano zenye madoido zinagombea nafasi. Kadi yangu ya kwanza niliifanya hivyo, na mama mzazi wa bibi harusi akaniuliza lile ni jina la nani. Sijarudia tena.

Hatua ya 4. Nafasi kati ya herufi iache sifuri. Ukiitanua, viungo vinakatika na jina linakuwa vipande vipande. Ukitaka lijaze kadi, ongeza ukubwa.

Hatua ya 5. Printi moja ya majaribio kwa ukubwa halisi. Mistari myeupe juu ya rangi nzito inapendeza kwenye skrini, lakini ile myembamba humezwa na wino. Kwa mchapaji peleka PDF yenye fonti ndani yake. Kompyuta yake isipokuwa nayo, itaweka nyingine.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kaka, kwenye cheti cha mahafali inafaa?
Jibu: Kwa jina la mhitimu inafaa sana. Maelezo mengine hapana.

Swali: Jina la ukoo ni Nyang’oro, ile alama inaacha pengo.
Jibu: Tumia alama iliyopinda, siyo ile iliyonyooka, halafu punguza nafasi hapo tu. Usiifute, dada yangu. Bila alama hiyo jina linatamkwa vingine.

Swali: Nikilipinda jina kama upinde, herufi zinaachana.
Jibu: Mwandiko wa kuunganisha hautaki upinde mkali. Linyooshe, au lipinde kidogo mno.

Swali: Nikiwauzia wateja kadi sivunji sheria?
Jibu: Huvunji. Kilichokatazwa ni kuuza faili la fonti lenyewe peke yake.